Jiwe Lisilofutwa

Mpelelezi aliyeitwa Kobe alivuka barabara kwa kukimbia, akafika ng'ambo akihema kama mtu aliyetoka kutwanga. Jina la Kobe alipewa na wenzake kituoni kwa sababu ya mwendo wake, na mwendo wenyewe ulitokana na magoti. Lakini barabara ile haikujua mgonjwa wala mzee. Dereva wa lori alimpigia honi ndefu, akatoa na kichwa dirishani.

"Mzee, unavuka au unapima kiwanja?"

Kobe aliendelea na njia yake. Tangu Jumapili alikuwa hajapata usingizi wa maana, na leo ilikuwa Jumanne mchana. Maneno ya kuwajibu madereva yalikuwa yamemwishia.

Bustani ya kumbukumbu ilikuwa kipembe tu cha ardhi, pale barabara mbili kubwa zinapokutana. Ilikuwa na mabenchi machache, miti iliyodumaa, na maua yaliyogeuka kijivu kabla ya kufunguka. Nyuma yake ukuta, na kwenye ukuta mawe madogo ya mraba, kila jiwe na jina la mtu aliyefukiwa siku kiwanda cha nguo kilipoporomoka mahali pale pale, miaka mingi nyuma. Magari hayakukoma kupita. Ukitaka kumpa mtu pole, ilibidi umpigie kelele.

Watu wa pale walikuwa na desturi yao. Moshi wa magari ulipaka kila kitu masizi, kwa hiyo kila familia ilikuja na kitambaa chake kufuta jiwe la mtu wake. La mwenzio huligusi. Kulifuta ni kumtangazia mbele za watu kwamba amemsahau marehemu wake, na kwa jambo hilo watu wazima walishawahi kukunjana mashati.

Kwenye benchi la katikati aliketi fundi cherehani, mama wa binti aliyepotea. Tangu Jumapili alikuwa anakuja hapo alfajiri na kuondoka giza likiingia, kama aliyeambiwa mtoto ataota ardhini.

"Mama, umekula?"

"Nile kwa mdomo gani, afande?"

Kobe aliketi, magoti yakalia. "Nirudishe tena Jumapili. Taratibu."

"Nimeshasema mpaka ulimi umeota sugu."

"Najua. Sema tena."

Mama alisema tena. Kila Jumapili yeye na bintiye huja kufuta jiwe la baba wa mtoto, aliyekuwa mkata vitambaa kiwandani. Jumapili hii alikuwa na nguo za harusi za kumaliza, akamwacha binti aje peke yake. Binti amemaliza shule juzijuzi tu, mwenye adabu, hata kuku humfukuza kwa kumwomba radhi. Aliondoka na kitambaa chake cha kufutia na simu. Simu imezimwa tangu saa hizo.

"Na yule bwana aliyetuambia kuhusu mtunza bustani tuliyemkamata?"

Uso wa mama ulilainika kidogo. "Yule mgane? Mungu ambariki. Mkewe naye aliangukiwa humu. Alikuwa kazini mbali miaka yote, akarudi mwaka huu, na tangu arudi hakosi Jumapili. Binti yangu anamwita mjomba. Alisema atamtafutia kazi kwa dada yake, mwenye saluni kubwa. Jana alikuja kukaa na mimi hapa. Na leo anakuja."

"Anakuja leo?"

"Ameniahidi. Ndugu wa damu hata mmoja hajakanyaga hapa, lakini yeye anakuja."

Kobe aliitikia kwa kichwa. Asubuhi ile alikuwa amekwenda mahabusu kuongea na mtunza bustani kupitia nondo. Vijana wa kituoni walimkamata kwa ushahidi wa huyo mgane, kwamba Jumapili alimwona akigombana na binti. Mtunza bustani hakukana.

"Niligomba, ndiyo," alisema, mikono bado ina udongo. "Nilimwambia aache kukaa na yule baba. Mimi Jumapili namwagilia upande wa barabara, lakini macho ninayo. Yule mtu anafuta jiwe kwa karatasi laini, kama anafuta meza ya hotelini. Binti akaniambia nishughulike na maua yangu. Nikashughulika na maua yangu. Sasa niko hapa."

Vijana walicheka. Mwizi akikamatwa huelekeza kidole kwa jirani, walisema. Kobe hakucheka. Mwaka huu mabinti wawili walikuwa wameshapotea mjini kwa namna hiyo hiyo, na hata kiatu hakikuonekana. Huyu alikuwa wa tatu. Taarifa za mitaani zilisema watu wanaosafirisha mabinti walikuwa mjini, na gari lao lingeondoka leo jioni. Likiondoka, basi.

"Jiwe la mke wa huyo mgane ni lipi?" Kobe alimuuliza mama.

"Liko kule mwisho, mstari wa chini. Sijawahi kulikaribia. Kila mtu na lake."

Kobe aliinuka, akaufuata ukuta polepole. Mawe yaling'aa, mengine yamefutwa mpaka majina yameanza kulika. Mwisho kabisa, mstari wa chini, lilikuwepo moja jeusi kama mgongo wa sufuria. Alichuchumaa, akajuta kuchuchumaa, akalitazama. Katikati ya jiwe masizi yalikuwa yamefifia, kama mtu amepangusa mara mbili tatu kwa haraka. Pembeni yalikuwa mazito. Ndani ya mifereji ya herufi yalikuwa yameganda tangu enzi na enzi.

Kobe alipitisha ukucha kwenye herufi moja, ukatoka mweusi. Kisha akatazama jiwe la jirani. Hilo hata vitundu vya herufi vilikuwa safi. Mtu alikuwa anavichokonoa kwa njiti.

Mwenye uchungu hufuta mpaka kwenye mifereji. Huyu alifuta panapoonekana.

"Chai, baba? Au unamwomba marehemu akuinue?"

Aliyesema ni mwanamke mrefu, mwembamba, chupa ya chai mkono mmoja na kikapu cha vikombe mkono wa pili. Kobe alimwona pembeni ya bustani alipokuja, akiwauzia wafanyakazi wa maofisini. Walikuwa wanamwita Bi Mzuka.

"Kikombe kimoja. Na mkono, kama unao wa ziada."

Bi Mzuka alimvuta juu. "Afande mzima hunyanyuki! Wezi wa mji huu wanalala usingizi mtamu."

"Kwa nini wanakuita Mzuka?"

"Hadithi ndefu, chai itapoa."

"Jumapili ulikuwa hapa?"

"Jumapili maofisi yamefungwa, nitamuuzia nani? Miti? Jumapili mimi nalala kama watu wengine." Alimmiminia chai, ukuta ameupa mgongo. "Na upande huu siji. Leo nimekuja kwa sababu nimekuona umekwama. Ukuta huu unanisisimua mwili."

Kobe alitaka kuuliza zaidi, lakini kwenye benchi mama alikuwa amesimama. Mtu alikuwa anaingia.

Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, sauti laini. Alikuja na chupa ya maji, akaifungua mwenyewe na kumwekea mama mkononi. "Kunywa, dada yangu. Mwili ukidhoofika, nani atampokea mtoto akirudi?" Kisha akamgeukia Kobe. "Shikamoo, afande. Yule mtu amesema alikompeleka?"

"Marahaba. Hajasema."

"Mbane. Watu kama wale mpaka wabanwe." Alitazama saa yake.

"Una haraka?"

"Hapana, hapana. Mazoea tu."

Lori lilipita, likazima maneno. Kobe alingoja lipite. Kungoja ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

"Unakaa wapi, ndugu yangu? Vijana wangu hawakuandika vizuri."

"Hapa hapa mjini. Nina nyumba yangu, nakaa peke yangu tangu mke wangu afariki."

"Pole sana. Na mimi sijampa heshima zangu. Nioneshe jiwe lake, nisije nikasemwa."

Mtu yule alisita kidogo tu, muda wa mtu kumeza mate. "Karibu," akasema.

Wakaenda watatu, mama akiwa nyuma. Mgane alipiga magoti mbele ya jiwe jeusi, akainamisha kichwa, akajipapasa mfukoni. Labda kama angekuwa peke yake angetoa karatasi yake laini. Lakini polisi alikuwa amesimama juu yake, na mfiwa wa kweli huja na kitambaa. Akatoa kitambaa cha buluu iliyopauka, akaanza kufuta.

"Unakuja kila Jumapili?" Kobe aliuliza.

"Tangu nirudi, sijakosa hata moja."

"Jiwe lako gumu kutakata."

"Moshi, afande. Moshi wa magari haya."

"Moshi ni huo huo kwa jirani."

Kabla mtu yule hajajibu, kikapu cha vikombe kilidondoka. Bi Mzuka alikuwa ameleta chai ya mama, na sasa alikuwa amesimama kinywa wazi.

"Wewe! Wewe baba! Unanifuta kwa nini?"

Mgane aligeuka. "Mama, tuko kwenye msiba..."

"Msiba wa nani? Hilo jiwe ni langu!" Alijipiga kifua kwa mkono. "Jina langu hilo! Mimi sijafa! Siku kiwanda kinaanguka nilitolewa nimezirai, nikapelekwa hospitali tofauti na wenzangu, wakaukuta mkoba wangu kwenye kifusi, wakaniandika. Nilipotoka nikaenda ofisini kwao kulalamika, wakaniambia mama, ukuta umeshajengwa, jiwe moja halibomolewi, wewe liache tu, siku ukifa hutaingia gharama! Nikawakataza watu wote wasilifute. Linafutwa la mfu. La mzima lifutwe la nini? Na wewe nani? Mke wako tangu lini, mimi sijaolewa hata mara moja!"

Magari yalipita.

Ndipo Kobe akaliona lote, na halikumfurahisha, lilimchosha tu. Mtu huyu alihitaji marehemu ili aketi karibu na wafiwa. Aliupitia ukuta akitafuta jiwe chafu kuliko yote, maana jiwe lisilofutwa halina mwenyewe wa kuja kuuliza. Alitafuta maiti asiye na ndugu, akaokota mzima anayeuza chai hatua chache kutoka hapo, siku zote isipokuwa Jumapili.

"Nimechanganya mawe," mgane alisema, akiinuka. "Macho yangu... ni hili la pembeni."

"La pembeni lina mwenyewe. Analichokonoa kwa njiti."

"Afande, kukosea jiwe si kosa la jinai."

"Si kosa," Kobe alikubali. "Hilo halina kifungu."

Lakini mama hakuwa anatazama jiwe. Alikuwa anatazama mkono wa mtu yule. Alikwenda polepole, akakichukua kile kitambaa kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye upindo.

"Huu mshono ni wangu," alisema.

"Dada, vitambaa vinafanana."

"Vitambaa vinafanana. Mikono haifanani. Hapa pembeni huwa narudisha sindano mara ya pili, kwa sababu cherehani yangu inaruka. Hili lilikuwa koti la kazi la mume wangu. Nilimkatia mtoto kipande Jumapili hiyo hiyo, asubuhi, kile cha zamani kimechanika." Alimtazama usoni. Sauti yake haikupanda. "Kaka. Mwanangu yuko wapi?"

Mtu yule aligeuka akimbie, lakini upande mmoja palikuwa na ukuta na upande wa pili barabara, na kwenye njia alisimama Bi Mzuka, chupa ya chai ya moto mkononi, kifuniko amekifungua.

"Pita," alimwambia. "Hebu pita, mume wangu."

Hakupita. Kobe alimfunga pingu, akamkalisha kwenye benchi, akampekua mifuko mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, kama mtu anayepanga nguo. Simu. Karatasi laini. Na ufunguo mmoja uliofungwa kwenye kibao kizito cha mbao, namna wanavyofunga wenye gesti ili mgeni asisahau kuurudisha. Kwenye kibao palichorwa jina la gesti na namba ya chumba.

"Una nyumba yako, na unatembea na ufunguo wa gesti," Kobe alisema. "Umechoka na kitanda chako?"

Macho ya mgane yalikwenda kwenye saa.

Kobe alimpigia sajini wake wa kike, aliyekuwa doria upande huo wa mji, akamsomea kilichoandikwa kwenye kibao. Ilimbidi ayarudie maneno kwa sauti kubwa, kidole kimoja amekitia sikioni. "Usiende na king'ora! Na yule mtunza bustani, waambie wamfungulie!"

Alipokata tu, simu ya mgane ikaanza kulia mkononi mwa Kobe. Haikuwa na jina, namba tu. Mtu aliyefungwa pingu alipoiona, midomo ilimkauka. Kobe alimtazama, akaitazama simu, kisha akasogea mpaka ukingoni mwa barabara kabisa, moshi ukimpiga usoni, ndipo akapokea.

"Uko wapi wewe?" sauti ya mwanaume iliuliza. "Gari limejaa mafuta. Niende nimchukue huyo mtoto mwenyewe?"

Kobe aliishika simu mbali na mdomo, akaielekeza kwa malori. "Foleni!" alipiga kelele. "Foleni! Subiri! Nakuja nao ufunguo!"

"Sikusikii vizuri!"

"Foleni, bwana! Barabara kubwa!"

Upande wa pili palikuwa na tusi, kisha, "Haya, fanya haraka." Ikakatika.

Barabara iliyokuwa imemtukana mchana kutwa ilikuwa imemfaa mara moja. Kobe alirudi kwenye benchi, akaketi mwisho mmoja, mama mwisho wa pili, katikati mtu mwenye pingu. Bi Mzuka aliokota vikombe vyake, akavihesabu vipande vya vile vilivyovunjika, akaviweka kando. Wakangoja.

"Nilimfundisha kuogopa mtu mkali," mama alisema, hakujua anamwambia nani. "Tangu mdogo. Mlevi, mkimbie. Anayekufuata njiani, piga kelele. Anayetoa pipi, usipokee. Mtu mpole sikumfundisha. Mwenye msiba kama wetu, ningemfundishaje kumkimbia? Mimi mwenyewe nilimwambia, mwamkie mjomba wako."

Kobe alikunywa chai yake, nayo ilikuwa imepoa. Kituoni kulikuwa na akina mama wawili zaidi waliosema maneno hayo hayo, karibu neno kwa neno, na kwao simu haikupigwa.

Mama alikuwa anakikunja kitambaa na kukikunjua. Kilikuwa ushahidi, na kilipaswa kuwa ndani ya mfuko uliofungwa na kuandikwa. Kobe aliuona mfuko wenyewe ndani ya koti lake, akauacha huko huko.

Simu ya Kobe ililia. Aliisikiliza, mabega yakashuka, na mama, aliyekuwa anamtazama, aliyaona yakishuka akasimama kwa hofu. Kobe alimnyooshea simu.

"Ongea."

Mama aliishika kwa mikono miwili. "Haloo? Haloo?" Mabasi mawili yalikuwa yanashindana kupita, honi juu ya honi. "Haloo! Sisikii! Jamani, sisikii kitu!" Aliziba sikio, akageukia ukuta, akainama, akajikunja juu ya simu kama anayekinga moto na upepo. "Haloo!"

Taa iligeuka nyekundu. Gari la kwanza lilisimama, la pili, kisha barabara zote mbili zikatulia, na kwa muda mfupi bustani ikawa mahali ambapo mtu anaweza kusikia.

"Mama," sauti ndogo ilisema, iliyokauka kwa kulia. "Mama, usinigombeze. Kitambaa cha baba nimekipoteza."

Mama alikiweka kile kitambaa mdomoni, akakiuma, kisha akakitoa.

"Hakijapotea, mwanangu," alisema. "Kiko hapa. Ninacho mimi."

Taa ikageuka kijani.